Maji Yaliyojibu Kabla ya Chumvi

Mwaka ambao mama alirudi kusoma, nyumba yetu nzima ilichoka. Nyumba nzima ni sisi wawili, yeye na mimi, na paka ambaye hafanyi kazi na kwa hivyo hachoki. Mama alikuwa anaamka kabla giza halijatoka, anafunga kitambaa kichwani, anapanda lori la kampuni pale chini barabarani na kwenda kukata waridi. Akirudi jioni vidole vimechorwachorwa na miiba na magoti yanalia. Mimi nilikuwa nakaanga mandazi kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na shule ya msingi. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, na alama zangu hazikunifikisha popote, lakini mimi ni mtu wa kuota hata nikiwa nimesimama mbele ya karai la mafuta. Nilikuwa naota nina chumba changu, chupa za vioo zimepangwa dirishani, za buluu, za kijani, na watu wanabisha hodi kuniuliza ndani kuna nini.

Ndoto ya mama ilikuwa fupi kuliko yangu, na ilikuwa na anwani. Sisi tunaokaa huku chini, pembeni mwa Nakuru, tunakunywa maji ya kisima cha pampu, na meno yetu yana rangi ya chai iliyokolea. Mtu wa huku akicheka anaweka mkono mdomoni. Kulikuwa na chuo kinachofundisha watu kupima na kusafisha maji ya kunywa, kozi ya cheti, na mama alikuwa amekaa na hilo wazo kwa muda mrefu bila kumwambia mtu. Siku ya mapumziko akavaa sketi yake ya kanisa akaenda kuuliza. Karani akamweleza vizuri tu, bila dharau, kwamba lazima awe na cheti cha kidato cha nne, na kemia isipungue D plasi. Mama aliacha shule kidato cha pili, na sababu yenyewe ndiyo mimi.

Akarudi, akavua viatu, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

"Mami," akasema, "hiyo kemia ni nini haswa?"

Ananiita mami kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na mtoto kama huyo hata ukimkasirikia unamkasirikia kwa adabu.

Madarasa ya watu wazima yalikuwa Jumamosi mchana, katika shule ya msingi ileile ninayouzia mandazi. Watu walikuja na uchovu wa wiki nzima umewakalia mabegani. Kulikuwa na askari wa usiku ambaye macho yake yalikuwa yanafunga yenyewe kama mlango wenye bawaba mbovu. Kulikuwa na wasichana wa kazi za nyumbani, wamepewa ruhusa ya saa chache. Na kulikuwa na jamaa wa bodaboda, mcheshi, aliyemwita kila mwanamke mathe na kila mwanamume bosi, hata mwalimu. Mwalimu wa kemia alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, mpole. Alikuja amebeba katoni, na ndani ya katoni kulikuwa na chupa ndogo za dawa, tyubu za kioo zilizofungwa kwa gazeti, na jiko dogo la gesi. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara.

Mimi nilimfuata mama kwa sababu niliogopa atalala njiani akirudi. Mwalimu akaniona nimekaa nyuma bila kazi, akanipa ndoo. "Wewe utatuoshea tyubu." Nilifurahi hadi nikaona haya.

Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi. Unapewa chumvi nyeupe ambayo hujui ni ya nini. Kila chumvi ni vitu viwili vilivyoshikana, na vikiingia kwenye maji vinaachana. Wewe kazi yako ni kujua ni nani na nani walikuwa wameshikana. Unaiyeyusha, unaigawa kwenye tyubu, halafu unaiuliza. Ukiitilia tone la dawa hii, itageuka nyeupe kama maziwa au itabaki wazi. Ukizidisha dawa, ile nyeupe itayeyuka au itakataa. Kutokana na majibu hayo unamfahamu aliyejificha.

Mwalimu hakuwa na chumvi za kutosha, kwa hivyo akawaambia kila mtu alete kijiko kimoja cha kitu cheupe kutoka kwao. Jumamosi iliyofuata meza ilijaa vifuko: chumvi ya mezani, chumvi ya ng'ombe, magadi ya kulainisha githeri ya mahindi na maharagwe, shabu ya kinyozi, mbolea ya mahindi na mbolea ya viazi. Mama alimwomba msimamizi wake punje kidogo za ile mbolea inayoyeyushwa kwenye maji ya waridi. Akaileta imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, kama mtu aliyebeba dhahabu.

Nyumbani tulirudia masomo tukisubiri maharagwe yaive. Mama kichwa chake hakikuwa kibovu, ila kilikuwa kimechoka, na majina yale yalikuwa yanateleza. Kwa hivyo tuliyapa nyumba katika ploti yetu, ile safu ya vyumba vya kupanga. Zinki tukampa mlango wa tatu, kwa jirani asiyekataa kitu: umwongeze chai anakunywa, umwongeze uji anakunywa. Yaani nyeupe yake inayeyuka ukizidisha sodiamu haidroksaidi, na inayeyuka pia ukizidisha amonia. Alumini tukampa mlango wa tano, kwa yule mzee anayekubali chai na kuukataa uji, hata umbembeleze vipi.

"Na mwenye nyumba?" mama akauliza.

"Mwenye nyumba ni magnesi. Hayeyuki kwa lolote."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mkono haukuwahi kufika mdomoni.

Siku nyingine nilimwonyesha amonia. Nilichanganya mbolea ya mahindi na jivu la kuni lenye unyevu, nikapasha moto kidogo kwenye kopo, nikamwambia anuse kwa mbali. Yeye akainama kabisa.

"Uuwi! Si hii ni banda la kuku!"

"Ndiyo amonia hiyo, mama."

"Miaka yote nafagia amonia na hakuna mtu ameniambia."

Basi tukaona tunaenda vizuri. Shida ilianza na ledi naitreti.

Hiyo ni dawa ya kuuliza upande wa pili wa chumvi. Chumvi nyingi zinageuka nyeupe ukiziwekea tone lake. Lakini chumvi ya aina ya naitreti, kama ile mbolea ya waridi, inatakiwa ibaki wazi. Kitabu kimesema hivyo, na mwalimu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Mama akayeyusha mbolea yake, akaweka tone. Ikawa nyeupe. Akaosha tyubu, akarudia. Nyeupe tena, ukungu mwembamba ukishuka polepole. Akaandika alichoona.

Mwalimu alipita akikusanya majibu. Watu wote waliojaribu mbolea ile waliandika kwamba haikubadilika. Mama peke yake aliandika nyeupe.

"Mama, hapa umechanganya," mwalimu akasema. "Naitreti haitoi kitu."

"Lakini mwalimu, imetoa. Iko hapa."

"Labda tyubu haikuoshwa vizuri."

Nilihisi masikio yangu yakiwaka, maana mwosha tyubu ni mimi. Nikaisugua ile tyubu kama ninayetaka kuitoboa. Mama akarudia. Nyeupe.

Ikaendelea hivyo Jumamosi moja baada ya nyingine. Kila chumvi aliyoiuliza mama kwa ledi naitreti ilimjibu nyeupe, na ile iliyotakiwa kuwa nyeupe halafu ipotee ikipashwa moto ilikuwa inapashwa na haipotei. Karatasi zake zilirudi na mikasi myekundu ya kukosa kila upande. Za wenzake zilikuwa na alama za vyema.

Jamaa wa bodaboda akamwambia kwa huruma, "Mathe, wewe unasumbuka na nini? Angalia kitabu kinasema nini, unaandika hiyo. Kemia inapikwa."

"Inapikwa aje?"

"Si unaijua tayari? Unajua ni naitreti, unaandika haikubadilika. Macho yanaletwa ya nini?"

Mama akafunga daftari. Njiani kurudi alitembea polepole, akisimama kila mara kana kwamba anarekebisha kiatu. Tulipofika karibu na kanisa akasema, "Mami, nafikiri niwache. Macho yangu yanaona vitu haviko. Ni hizi dawa za maua, au ni uzee."

Nilikuwa nimeamka kukanda unga saa ambazo hata jogoo ananung'unika, miguu ilikuwa imevimba, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka aseme kweli anawacha, ili Jumamosi tulale. Nikamshika mkono tu. Jumatatu akapanda lori lake. Na Jumamosi akavaa ile sketi akatoka, nami nikabeba ndoo nikamfuata.

Siku hiyo jamaa wa bodaboda alichelewa. Aliingia na vumbi lake lote, kofia ya pikipiki chini ya kwapa, wenzake wakiwa wameshaanza. Mwalimu akamuuliza chumvi yake iko wapi.

"Iko, bosi, iko."

Hakuwa nayo. Nilimwona kwa macho yangu akichota maji matupu kutoka kwa mtungi tuliokuwa tunachotea maji ya kuyeyushia chumvi, mtungi uliojazwa kwenye mfereji wa shule, maji ya kisima kilekile cha pampu. Akayatia kwenye tyubu, akayatikisa kwa heshima kama anayeyeyusha kitu, akaomba ledi naitreti. Akaweka tone. Halafu akatulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa utani.

"Mwalimu. Kuja uone."

"Umepata nini? Nyeupe? Sawa, hiyo inaweza kuwa salfeti au kaboneti. Umeleta chumvi gani?"

"Sijaleta."

"Hujaleta?"

"Hii ni maji tu, bosi. Ya mtungi."

Hata askari aliamka. Mwalimu akachukua tyubu safi, akachota maji mwenyewe, akaweka tone mwenyewe. Ukungu ukashuka. Akakaa kwenye ukingo wa dawati akashika kichwa, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa anatafuta miwani na kumbe ameivaa. Alisema chuoni kwao maji ya maabara yalikuwa yanatoka kwenye mtambo, hayana kitu ndani, na haikumjia akilini kabisa. Maji yetu ya kisima yana magadi yake humohumo, kutoka ardhini. Kila tulipoiuliza chumvi, maji yalikuwa yanajibu kwanza.

"Mama," akasema, "ulikuwa unaona sawa. Samahani."

"Sasa nyinyi," mama akawageukia wenzake, "nyinyi mlikuwa mnaona nini?"

Wakaangaliana. Msichana mmoja akaficha uso kwenye kitabu.

"Tulikuwa tunapika, mathe," jamaa wa bodaboda akasema. "Tumepika tukapakua."

Walicheka wote, na mama pia, lakini alicheka kama mtu aliyetua gunia ambalo hakujua ni zito kiasi gani.

Tangu hapo nilipewa kazi nyingine. Nyanya yangu anakaa Dundori, huko juu ambako mvua haiombwi, na tangi lake linapokea maji ya paa. Nilipanda nikarudi na mtungi wa manjano umejaa maji ya mvua, mgongo ukinilaumu njia nzima, na nyanya akiwa ameniambia wazi kwamba shule ya siku hizi imekuwa ya ajabu ikiwa mtoto anatumwa maji kutoka milimani. Kwa maji yale mbolea ya waridi ilibaki wazi kabisa. Mama aliishika ile tyubu kwenye mwanga wa dirisha akaiangalia kwa muda, akitazama ukungu ambao haukutokea.

Kabla ya mtihani, mwalimu aliwaambia wasiwe na wasiwasi, siku yenyewe wataletewa maji safi.

"Na nitajua aje ni safi?" mama akauliza.

"Yatakuwa safi tu, mama."

Nilimwona hakulimeza hilo jibu. Alilibeba.

Mtihani wa maabara ulifanyiwa shule nyingine mjini, shule ya kweli, yenye mabomba na meza ndefu. Mimi nilibaki nje ya lango na wazazi waliowasindikiza watoto wao. Mama mmoja aliniuliza kama ninamngoja ndugu wa kidato cha nne. Nikamwambia ninamngoja mama yangu. Akanitazama, akanimegea nusu ya ndizi yake bila kuuliza zaidi.

Walipotoka, watoto walitoka mbio wakilinganisha majibu kwa kelele. Mama alitoka mwisho, na jamaa wa bodaboda kando yake. Viatu alikuwa amevivaa kwa kuvikanyaga nyuma, visigino vyake viko nje.

"Ilikuwa zinki," akaniambia kabla sijauliza. "Yule wa mlango wa tatu. Nimemwongezea hii, akakunywa. Nimemwongezea ile, akakunywa."

"Mama! Basi umemaliza!"

"Ngoja. Halafu wakasema weka ledi naitreti. Nikaweka. Ikawa nyeupe." Alivuta pumzi. "Nikaiangalia, mami. Nikajiambia, hii ni chumvi ama ni maji?"

Aliendelea akitembea. Alisema aliinua macho akaona wenzake wote wameshaandika na kusonga mbele. Angeweza kuandika. Lakini alikuwa amesumbuliwa na nyeupe ya maji muda mrefu, na mkono ulikataa. Tyubu zilikuwa chache, zote zimetumika. Akainua mkono, akaomba ruhusa ya kuosha moja. Msimamizi wa mtihani akamwambia asubiri, kulikuwa na mtoto aliyevunja kitu chake upande ule mwingine. Akasubiri. Akaosha, akasuuza kwa maji waliyopewa, akachota hayo maji peke yake, akaweka tone.

"Yakawa aje?"

"Wazi. Safi kabisa. Kwa hivyo nyeupe ilikuwa ya chumvi. Nikaandika."

"Basi ilikuwa sawa!"

"Ilikuwa sawa. Lakini kulikuwa na chumvi ya pili." Alisimama kupandisha visigino vya viatu. "Hiyo sikuigusa. Walisema kalamu chini nikiwa bado naifungua."

Jamaa wa bodaboda alitikisa kichwa. "Mathe, nilikuwa nakuangalia. Nikasema moyoni, huyu anafanya nini tena na maji? Karibu nipige mluzi."

"Na wewe uliiangalia ile nyeupe?"

"Mimi?" Akaivaa kofia yake. "Mimi sikuiangalia hata mara moja. Nilipika kutoka mwanzo mpaka mwisho."

Akatubeba sote wawili kwenye pikipiki yake, akakataa tumpe chochote, na mama akalala begani kwangu kabla hatujatoka mjini.

Matokeo yalitoka tukiwa jikoni. Niliyasoma kwenye simu yangu iliyopasuka kioo, nikiwa nimeipinda ili herufi zionekane. Kiswahili alikuwa amepita vizuri kuliko mimi. Hisabati, tusiseme. Nikafika kemia nikaipinda simu tena.

"Soma," akasema.

"D."

"Plasi?"

"Pleni. Haina plasi."

Aliendelea kuchambua mchele. Aliokota kijiwe akakitupa nje ya mlango.

"Wanaandika mahali popote kama zinki niliipata?"

"Hapana, mama. Wanaandika D tu."

"Na yule wa pikipiki?"

Nilikuwa nimeshapokea ujumbe wake, umejaa alama za mshangao. "C mainasi."

Nilifikiri atasema kitu kikali. Akacheka kwa pua, "Huyo ataua mtu na mapishi yake," akarudi kwa mchele wake. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa sababu ya magoti yake, na ya lori lile la alfajiri, na kwa sababu, nikisema ukweli, nilikuwa nimechoka kuota kwa niaba ya watu wawili. Nikamwambia awache sasa, imetosha. Nikamwambia nitarudia mimi, mimi ndiye kijana, nitaingia hicho chuo nisomee hayo maji, halafu itakuwa ni kama ameingia yeye.

Alinipangusa uso kwa ile kanga ya kufunikia sufuria, yenye harufu ya moshi.

"Wewe enda, ukitaka," akasema. "Enda yako. Lakini hii ni yangu, na imebaki chumvi moja tu sijaigusa."

Akaweka mchele motoni. Akaniambia kesho akimwona msimamizi wa waridi atamwomba tena ruhusa ya Jumamosi zake za darasa, mapema, kabla wengine hawajaziomba. Halafu akanyoosha miguu kwenye kiti kingine, akafunga macho kidogo tu, na wali ulipoiva nilimwacha alale, nikaufunika.